Anayetaka Mlango Tu

Mama hakunituma kutalii. Alinituma Pangani nikaitazame nyumba ya shangazi yake, nipige picha, nirudi na jawabu moja: iuzwe au isiuzwe. Kuna mtu kaja na dau. Ajabu ya dau lake ni kwamba nyumba yenyewe haitaki. Anataka mlango.

Kutoka Tanga mjini ni kama kilomita 50. Tulipita Tongoni, penye magofu ya msikiti na makaburi ya kale, halafu Kigombe, mkonge umejipanga mistari hadi macho yanachoka. Jirani yangu wa siti, mama aliyepakata kuku, alinipa orodha ya waliofariki Pangani tangu Ramadhani iliyopita. Namsikiliza huku natazama mkonge. Watu huudhani wa kwetu tangu na tangu, kumbe Mjerumani Richard Hindorf ndiye aliyeagiza miche 1,000 kutoka Florida. Mwaka 1893 iliyofika hai Tanga ilikuwa 62 tu, ikapandwa Kikogwe, hapo hapo Pangani. Mashamba ya mkonge yalianzia kwenye ile 62.

Bibi, ndiye huyo shangazi wa mama, nilimkuta barazani, mkeka chini, anachambua mchele.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Umekuja kuuza au kuangalia?"

Nikasema kuangalia. Akanisogezea kikombe cha kahawa, akaendelea na mchele wake.

Mwaka wa kujengwa haukuandikwa popote. Bibi anahesabu kwa vita: aliyeijenga ni Mhindi, kabla Mwingereza hajamtoa Mjerumani, na marehemu baba yake aliinunua baadaye, ikiwa imeshachakaa. Chini duka, juu watu. Upande mmoja wa duka yalipangwa majora ya kitambaa, upande wa pili ikapokewa mbata, nazi iliyokaushwa, kutoka mashambani, na bibi anaapa kwamba siku za mvua harufu ya mbata bado inatoka ukutani. Mimi sikuisikia. Nilisikia popo.

Nilipima chumba cha juu kwa hatua: upana hatua nne fupi, urefu kumi na moja. Vyumba vyote viko hivyo, vyembamba kama mashua. Sababu iko darini: boriti za mikoko. Boriti haiwezi kubeba dari ikivuka zaidi ya mita tatu hivi, basi mwenye nyumba, hata awe tajiri vipi, upana wa chumba chake umepangwa na mkoko. Juu ya boriti yamelazwa mawe ya matumbawe, juu yake chokaa na kokoto, ikapondwa kwa siku nyingi mpaka ikashikana.

Ukuta wa nyuma ndio ulionitia huzuni. Miaka kadhaa nyuma ndugu mmoja, kwa nia njema kabisa, alileta fundi akaupiga plasta ya saruji. Niligonga kwa kidole, ukalia kitupu. Nikabandua kipande, kikatoka kizima kama ukoko wa wali, na nyuma yake chokaa ya zamani imelowa, imekuwa unga, imeota chumvi nyeupe. Ukuta wa matumbawe hunyonya maji na kuyatoa. Chokaa humwachia apumue, saruji humziba pua. Nilimweleza bibi, akasema, "Nilimwambia. Akasema chokaa ni ya kizamani."

Nyumba hii si ya enzi za neema. Neema ya Pangani ilikuwa misafara ya pembe za ndovu na, tusifiche, ya watumwa. Wajerumani walipoanza kujenga reli Tanga mwaka 1893, nayo ikafika Moshi mwaka 1911, mzigo wa bara ukaikimbia bandari hii. Kwa hiyo huyu Mhindi alijenga katika mji ambao wakubwa walishaanza kuuhama, akitegemea nazi na wakulima wa jirani. Kwangu mimi hapo ndipo ilipo thamani yake. Boma lina wa kulisimulia. Muuza vitambaa wa mji uliopungukiwa na biashara ana ukuta huu tu.

Sheria nayo ina vituko. Usiku kabla ya safari niliisoma ile ya Mambo ya Kale ya 1964. Jengo linalindwa lenyewe kama ni la kabla ya 1863. Lililojengwa baadaye lisubiri waziri alitangaze. Lakini mlango wa mbao wa kuchongwa, wa kabla ya 1940, umetajwa kabisa kuwa kitu cha kulindwa. Basi mlango wa bibi una sheria yake, kuta zinazoushikilia zinangoja. Nilimsomea kwenye simu. Alicheka hadi mchele ukamwagika.

"Mwambie huyo bwana wenu, mlango ukitoka, mimi nitalala na nini mbele?"

Nilimpigia mama nikamwambia isiuzwe, na kwamba kabla ya masika tutafute mtu anayejua kuchoma chokaa. Akauliza gharama. Nikasema mtandao unakatika.

Magharibi ilipoadhiniwa bibi alinituma nikafunge. Nilisukuma, ubao wa kulia ukakwama. Nikasukuma tena.

"Unyanyue kwa goti," akasema kutoka ndani. "Goti la kushoto."

Nikaunyanyua. Komeo likaingia.