N iliyogeuka

Leo mchana hapa Maskati joto limetufungia ndani, ami akanikabidhi bunduki ya marehemu babu, Martini-Henry, niisafishe. Haipigi tena, siku hizi ni pambo la ukutani.

Ni ile ya risasi moja: unashusha wenzo, unatia risasi, unafyatua, unaanza upya. Waingereza waliiingiza jeshini 1871, baadaye zikamiminika huku na wafanyabiashara wa silaha.

Nikapaka mafuta mepesi, nikasugua kwa kitambaa taratibu. (Msasa? Hasha! Unafuta alama zote.)

Likaibuka taji.
Kisha V.R., yaani Malkia Victoria.
Kisha ENFIELD, kiwanda cha silaha cha Uingereza.

Nikaikodolea macho ile N.

Imegeuka! Kama ya mtoto anayejifunza kuandika.

Kumbe si ya Uingereza. Ni kazi ya mafundi wa Khyber, mpakani mwa Afghanistan, walionakili bunduki kwa tupa na mikono, mpaka mihuri.

"Ami, hebu njoo uone."

Akavaa miwani. Akanyamaza. Akacheka mpaka akakohoa. Babu miaka yote akijigamba ni ya Malkia!

Mimi ndiyo kwanza nimeipenda.

Wenye Martini za wazee, hebu kaangalieni N zenu mniambie 😂