Ijumaa ya mshahara, Cape Town

Wageni tunaokwenda Cape Town, Afrika Kusini, kwa mafunzo ya udaktari hospitalini tunalipia kabla hujaonyeshwa hata choo cha wodi. Chumba nilichopanga mtaa wa Observatory kilikuwa ghali na hakina hita. Mwezi wa saba kule ni baridi kali, nililala na koti. Usafiri ndio haukunisumbua: konda kichwa dirishani, "Kaap! Kaap!", yaani Cape Town mjini, kama niko Buguruni.

Hospitali yenyewe ilikuwa ya umma, upande wa Cape Flats, mitaa ya watu wa kipato cha chini. Ijumaa ya mshahara waliochomwa visu waliletwa mpaka machela zikaisha. Kijana mmoja alikaa sakafuni, kashika mbavu, pumzi inakatika. Daktari wa zamu, dada asiyenizidi sana umri, akanirushia glovu. "Weka mrija wewe, mimi nasimama hapa." Ganzi, kisu kidogo kati ya mbavu, kidole, halafu mrija wa kutoa hewa iliyobana pafu. Hewa ikatoka bubububu kwenye maji ya chupa. Nami, kwa mazoea ya nyumbani, nikawa naangaza macho kutafuta ndugu wa kwenda dukani kununua nyuzi. Dada akashangaa: ndugu wa nini? Nyuzi, mrija, chupa, vyote vimejaa kabatini! Asubuhi kijana alikuwa akitembezwa koridoni, chupa mkononi kama katoka bombani, ili pafu lifunguke.

Ila bibi mmoja mwenye kidonda cha sukari, aliyepewa rangi ya kijani, yaani anaweza kusubiri, nilimwacha kwenye benchi jioni na kumkuta palepale kulipokucha. Madaktari wawili, ukumbi umefurika.

Jumapili dada alinipitisha hospitali binafsi anakofanya zamu ya pili. Mwendo mfupi tu kwa gari. Viti vitupu, kahawa ya bure, na mapokezi swali la kwanza ni kadi ya bima. Wenye bima binafsi nchini humo hawafiki watu 2 katika kila 10, lakini madaktari bingwa wengi wako kwao. Na huu ndio mji uliokuwa wa kwanza duniani kupandikiza moyo wa binadamu, Desemba 1967, pale Groote Schuur, hospitali ya umma!

Nikawaza kwetu Tanzania. Sheria ya bima ya afya kwa wote tumeipata 2023. Sawa, kadi italipia nyuzi. Na daktari wa kumwona yule bibi kabla hakujakucha? Dada akaniuliza intani, yaani daktari aliye mafunzoni, wa Dar analipwa ngapi. Nilipomtajia, alicheka mpaka akaweka kikombe chini, kisha akaniuliza kama natania.