Chupa ya tende

"Chupa tupu hiyo, mwanangu. Mwenyewe kashajipaka, kaenda zake."

Tangu Jumapili maneno hayo ya Shangazi hayanitoki. Hamza kaanza kazi mpya, Nuru kang'oka jino, theluji imeanguka ikayeyuka, na mimi bado naisikiliza sauti ile.

Nilikuwa nimemtumia picha kutoka makumbusho ya Metropolitan, hapa New York: kichupa cha mafuta mazuri cha karne ya 1, kioo cha rangi ya kahawia, umbo la tende hasa, na mikunjo yote ya ngozi. Nikamweleza kwa furaha jinsi fundi wa Shamu, pande za Syria, alivyokitengeneza. Kioo chenyewe ni mchanga uliochanganywa na magadi ya Misri. Kalibu ni ya udongo, ya vipande. Unavifunga, unapuliza kioo cha moto ndani kwa bomba, kikishika umbo unavifungua. Ukikazia macho utaona mstari pale vipande vilipokutana. Kalibu moja inatoa tende baada ya tende, na kioo kikashuka bei hadi mtu wa kawaida akaweza kwenda hamamu na mafuta yake.

Jibu likawa "chupa tupu". Iliniuma. Nikajiambia hakusikiliza.

Jana usiku, Nuru amelala, nikaurudia ujumbe nikasikia nusu ya pili. Kashajipaka. Shangazi katoka eda juzijuzi tu. Miezi minne na siku kumi bila manukato, yeye ambaye ukimkumbatia unaondoka unanukia udi. Na tangu atoke hajagusa habari za marashi, hata Da' Zuhura alipomletea. Sasa kaangalia kichupa cha miaka karibu elfu mbili, na cha kwanza alichokiona ni mtu aliyejipamba akatoka nyumbani kwake. Nimelia, na nilikuwa na furaha.

Makumbusho yaleyale yana birika la Ennion, fundi aliyetia jina lake kwenye kazi zake kwa Kigiriki. Baadhi ya vyombo vyake vina pia maneno haya: "Akumbukwe mnunuzi." Ijumaa nikimpigia nitamsomea. Nataka kumsikia atasema nini juu ya huyo mnunuzi.

Mwenye nyumba kaleta barua ya kodi mpya. Imepanda kuliko tulivyotarajia, mkataba unaisha mwisho wa mwezi, na Hamza mshahara wake wa kwanza bado.