Siku moja leba: mapacha wa wiki 31

Saa 1:30 asubuhi. Tunapokezana zamu. Kitanda cha tatu yuko mama wa mapacha, aliingia jana jioni na mikazo mitatu kila dakika kumi, njia imefunguka sentimita 3. Kwanza nauliza wiki zimehesabiwaje, maana tumbo la mapacha hudanganya: ukilipima kwa kushika utaandika 36. Kadi ina altrasaundi ya wiki 12. Hiyo ndiyo tunayoiamini: 31. Kondo ni mbili, afadhali. Wa kondo moja huweza kunyang'anyana damu.

Saa 2:00. Joto liko sawa, chupa haijapasuka, hakuna harufu. Deksamethasoni dozi ya pili: miligramu 6 kwenye msuli, kila saa 12, mara nne. Hii hukomaza mapafu ya watoto, haizuii uchungu. Anayetuliza mikazo ni nifedipini, naye tunamwomba saa 48 tu, ili deksamethasoni ipate kufanya kazi. Presha hupimwa kabla ya kidonge. Dripu tunaibania, kwa sababu mama wa mapacha akijazwa maji huku mikazo inazuiwa, mapafu yake hujaa upesi.

Saa 5:00. Mikazo imerudi, sentimita 6. Nifedipini tunaiacha. Tunaanza magnesiamu salfeti kukinga ubongo wa watoto: gramu 4 mshipani taratibu kwa dakika 20, halafu gramu 1 kila saa. Dawa hizi mbili zikikutana presha yaweza kuporomoka. Kila saa naangalia pumzi zisishuke chini ya 16, mkojo usipungue mililita 30, na goti liruke likigongwa. Kalsiamu glukoneti, kinza cha magnesiamu ikizidi mwilini, iko kwenye trei.

Saa 7:00. Kila kitu viwili: ambubegi (mifuko ya kumpulizia mtoto hewa) zenye barakoa ndogo, vibana kitovu, kofia, mifuko safi ya plastiki. Feni inazimwa, madirisha yanafungwa, watoto wasipate baridi. Wenzangu wanalalamika joto; walalamike tu.

Saa 8:40. Kulwa, pacha wa kwanza, katoka kwa kichwa. Hapa ndipo mazoea huua: mkono unakimbilia sindano ya oksitosini, ile ya kukaza kizazi baada ya kuzaa, ilhali Doto bado yumo. Kizazi kikibana namna hiyo, Doto hukosa hewa. Sindano isubiri. Mmoja analishika tumbo pande zote mbili ili mtoto akae wima, mwingine anasikiliza moyo. Doto kalala kingamo. Daktari anamgeuza kwa nje, polepole, chupa ikiwa nzima. Haipasuliwi mpaka kichwa kishuke, la sivyo kitovu hutangulia.

Saa 8:58. Doto. Napapasa tumbo tena, hakuna wa tatu, ndipo yuniti 10 za oksitosini. Kizazi kilichobeba wawili huchelewa kukaza, kwa hiyo damu naitazama kuliko kawaida.

Gramu 1,420 na 1,310. Wote waliingia kwenye mfuko mpaka shingoni bila kufutwa, uso nje, kofia kichwani. Kulwa anapumua vizuri, anakwenda kifuani kwa mama, ngozi kwa ngozi. Doto anakoroma na mbavu zinaingia ndani: sipapu ya mapovu, mashine ya kusukuma hewa puani ili mapafu yasisinyae, kwa shinikizo la sentimita 5 za maji.

Saa 10:00. Mama anakamuliwa dang'a kwa mkono. Matone machache tu, yanapita kwenye mpira mwembamba uendao tumboni. Kunyonya na kumeza kwa mpangilio huja karibu wiki 34.

Saa 1:30 usiku. Nakabidhi: dozi mbili tu za deksamethasoni, mapafu yachungwe, joto 36.5 hadi 37.5, sukari ipimwe. Faili ni mbili, na utepe wa jina mguuni kwa kila mtoto, maana usiku sukari ya Kulwa huandikwa kwa Doto.