Nyanya za msimu wa mvua Igawilo: zilizokaa nje na zilizokaa chini ya nailoni

Huku Igawilo, kando ya Uyole, Mbeya, mvua ikishaingia Novemba haiagi mpaka Aprili. Ndiyo miezi ambayo nyanya zinapanda bei pale sokoni Mwanjelwa, maana mtu mwenye akili zake anakuwa amelima mahindi na viazi. Nikaona basi, acha mwaka huu mimi niwe yule asiye na akili.

Nilikuwa nimesikia mengi kuhusu kitalu nyumba, wengine wanakisifia, wengine wanasema ni kutupa hela. Nikagawa. Miche 200 nje kwenye matuta, miche 60 ndani ya kibanda cha mirunda na mianzi nilichokizungushia nailoni. Mbegu moja, nimehamisha siku moja, samadi ileile.

Mwezi wa kwanza za nje zilikuwa zinapendeza kuliko za ndani. Shina nene, jani la kijani limeiva. Katikati ya Januari zikaja siku za mvua na ukungu mfululizo, jua hakuna. Asubuhi moja nikaona majani kadhaa yana madoa kama yamemwagiwa maji ya moto. Nikaligeuza moja. Chini yake, kuzunguka doa, kulikuwa na utando mweupe kama vumbi la unga kwenye mashine ya kusaga. Bakajani chelewa, ugonjwa uleule unaomaliza viazi. Na hatua kama 40 kutoka kwangu, upande wa juu, kuna shamba la viazi la mama jirani.

"Mama, viazi vyako vinaumwa?"

"Vina wiki sasa, mwanangu. Si nilikuona unapanda, nikajua una dawa yako."

Dawa nilikuwa nayo, mankozebu, ila nilikuwa sijaielewa. Ile inakaa juu ya jani na kuzuia ugonjwa usiingie; ukishaingia haiutoi. Napuliza saa mbili, saa nne mvua inaosha yote, naona nyeupe inachuruzika kwenye tuta. Kabla ya wiki mbili kuisha mashina yalikuwa meusi. Nikavuna ndoo mbili, na nyingi zilikuwa na mabaka ya kahawia, magumu kama ngozi ya kiatu.

Sasa msidhani za ndani zilikuwa zinacheka. Kwa kuogopa baridi na mvua nilikuwa nimefunga pande zote nne. Ukiingia asubuhi, harufu ya joto bichi, matone yananing'inia kwenye nailoni. Ukigusa nguzo yanakunyeshea kichwani. Maua yaliyozeeka yakaanza kuota ukungu wa kijivu. Nikamwita bwana shamba. Aliposimama mlangoni miwani yake ikapata ukungu hapohapo. Akaivua, akaifuta na shati, akaniambia, "Kijana, hapa umejenga bafu."

Akanieleza kwamba hivi vimelea vinataka jani likae na maji kwa saa kadhaa, na havijali kama maji hayo ni ya mawinguni au ni jasho la nailoni. Kwa hiyo jioni ileile nikaviringisha nailoni za pembeni hadi usawa wa bega, paa nikaliacha, nikaongeza ukingo wake utoke nje ili mvua ya upepo isifike. Nikachimba mtaro kuzunguka, nikatandaza nyasi kavu chini, nikaondoa majani yote ya chini yaliyokuwa yanagusa udongo. Ndani ya wiki tu, asubuhi nikipitisha kiganja kwenye majani kinatoka kikavu.

Ndani kuna vituko vyake ambavyo nje huvioni. Upepo unakuwa mdogo, maua hayatikisiki, kwa hiyo saa tano hivi napita nikigongagonga kamba zilizoshikilia mashina ili chavua idondoke. Kantangaze naye, kiwavi anayechimba njia ndani ya jani, anapapenda, maana mvua inayompiga huko nje hapa haimfikii. Jani lenye njia zake nalichuma na kulifukia. Kilichonifedhehesha zaidi ni maji. Wiki moja mvua ilipiga bati usiku na mchana, masikio yakanidanganya, sikumwagilia siku nne. Kukumbuka, udongo chini ya nailoni ni mkavu kama wa Agosti. Nikamwaga maji mengi kwa pupa, na matunda yaliyokuwa yanakua yakaoza kitako, duara jeusi chini, shauri ya madini ya chokaa (kalsiamu) kutofika kwenye tunda maji yakiyumba hivyo. Tangu hapo namwagilia kila asubuhi, shinani, hata kama mvua inanyesha. Wapita njia wanacheka kumwona mtu na ndoo chini ya mvua.

Mashina 60 yale, ukiondoa saba niliyoyang'oa, yalizaa mpaka Mei. Hela ya nailoni ilirudi, ya mirunda bado.

Msimu huu nimejenga paa tupu, kuta sikuweka kabisa. Nje kwenye matuta napanda maharage wakati wa mvua. Nyanya za nje nazipeleka bondeni mvua zikikata, na huko sihitaji nailoni ya mtu. Mama jirani juzi alikuja kuomba kona ya kuoteshea miche yake. Nimempa. Ila viazi vyake mwaka huu nimemwomba apande upande wa pili wa nyumba.