Swali nililokuwa nikiliombea

Nilipokaribia kumaliza uzamivu katika baiolojia ya kompyuta, nilishajua kwamba nafasi nyingi za utafiti wa baada ya uzamivu hazifiki kwenye matangazo. Profesa akipata fedha, huwauliza kwanza wenzake kama wana mwanafunzi anayemaliza. Basi nikaanza kuwaandikia wakuu wa maabara mwenyewe: aya moja kuhusu makala yao niliyoisoma kwelikweli, nyingine kuhusu kazi ninayoweza kuwafanyia, na kiungo cha programu zangu zilizoko GitHub. Wengi walikaa kimya. Mmoja akajibu siku hiyohiyo, akitaka usaili kwa video.

Mada yangu ilihusu modeli, yaani programu inayojifunza kutokana na mifano, ya kubashiri kazi ya protini kwa kutazama mfuatano wake wa asidi amino, vijenzi vinavyoiunda. Nilipofika kwenye jedwali la matokeo, profesa akanikatiza.

"Mbona usahihi wako uko chini kuliko wa waliokutangulia?"

Ndilo swali nililokuwa nikiliombea! Protini zina koo zake. Ukizigawa kiholela, nyingine za kuifundishia modeli na nyingine za kuipimia, ndugu wa ukoo mmoja huangukia pande zote mbili. Modeli inakariri sura ya ukoo, nawe unashangilia kwamba imeelewa. Mimi nilikuwa nimezipanga kwanza katika makundi kwa MMseqs2, programu ya kulinganisha mifuatano, kisha nikahakikisha hakuna protini ya kupimia inayofanana na ya kufundishia kwa zaidi ya asilimia 30 ya mfuatano. Namba zilishuka, ndiyo, ila zilikuwa namba za kuaminika. Akaniomba nirudi slaidi mbili nyuma, na tangu hapo usaili ukageuka mabishano. Nilifurahi. Anayebishana nawe ameshaanza kukufikiria kama mwenzake.

Kisha nikaomba kuzungumza na watafiti wake bila yeye kuwapo, jambo ambalo kwangu lina uzito kuliko jina la chuo. Waliotangulia wako wapi sasa? Nani huandikwa wa kwanza kwenye makala? Na mtu akihama, anahama na mradi wake? Hilo la mwisho lilimchekesha mmoja wao. Alikotoka, alisema, aliacha hata data alizozikusanya mwenyewe. Hapa, mtangulizi wake alikuwa ameondoka na mradi mzima na kuufungulia maabara yake.

Ilibaki fedha. Profesa alikuwa na mshahara wa mwaka mmoja tu, hivyo tukakubaliana niombe ufadhili wa Marie Skłodowska-Curie wa Umoja wa Ulaya. Sharti lake la uhamaji lilinifaa: mwombaji awe hajaishi wala kufanya kazi katika nchi inayompokea kwa zaidi ya miezi 12 ndani ya miezi 36 kabla ya siku ya mwisho ya maombi. Mimi sikuwahi hata kukanyaga huko. Nikasaini mkataba, nikaanza kuandika ombi kabla viza haijatoka.