Nilivyopata kazi ya msaidizi wa utafiti kabla sijamaliza digrii

Nasoma uhandisi hapa Arusha, mambo ya maji na umwagiliaji. Kazi ya msaidizi wa utafiti kwa mtu wa digrii ya kwanza hutaikuta imebandikwa ubaoni. Barua pepe kwa maprofesa nilituma, wengi wakakaa kimya, nami siwalaumu.

Nikageukia Tengeru, ilipo Taasisi ya Nelson Mandela. Pale ni uzamili na uzamivu, kwa hiyo watu wenye utafiti unaowabana muda ni wengi, na wa kuwabebea chupa za sampuli ni wachache. Tasnifu zao zinasomeka bure mtandaoni. Mimi nilianzia ukurasa wa shukrani, kwa sababu ndipo anapotajwa fundi wa maabara, mwenyekiti wa kijiji kilikochotwa sampuli, na aliyetoa hela. Kwenye tasnifu hizo floraidi, madini ya kwenye maji yanayoharibu meno yakizidi, ilikuwa inajirudia. Mtu wa huku hashangai: miamba ya volkano ya Meru huiachia kwenye chemchemi na visima, na pengine hupita mbali kikomo cha Shirika la Afya Duniani, miligramu 1.5 kwa lita. Meno ya kahawia ya Arumeru tunayajua.

Basi nikamfuata fundi wa maabara. Baada ya shikamoo na maelezo yangu, GPA hakuigusa kabisa.

"Pikipiki unaendesha? Kimeru unasikia?"

Vyote viwili, ndiyo. Akaniunganisha na dada wa uzamivu aliyekuwa akijaribu chujio la mkaa wa mifupa ya ng'ombe. Mifupa ikichomwa kwa hewa kidogo, madini yanayobaki hunasa floraidi. Moto ukizidi, uwezo huo hupungua. Kazi yangu ilikuwa kuchota sampuli (chupa za plastiki, kioo hakifai kwa floraidi), kupima mtiririko kwa ndoo na saa, na kujaza fomu za KoboToolbox, programu ya kukusanyia data, kwenye simu. Kobo nilikuwa nimejifunza mwenyewe, na nadhani ndiyo iliyonibakiza.

Mwanzoni nililipwa nauli na chakula, posho ikaja baadaye. Ulizia hilo kabla hujaanza, na ulizia pia kama jina lako litaingia kwenye makala; dada yule hakukasirika nilipomuuliza.

Kama wewe ni wa mashine, TEMDO (taasisi ya usanifu wa mitambo) na CAMARTEC (kituo cha zana za kilimo na ufundi vijijini) ziko hapa hapa Arusha. Ila usiende msimu ambao vyuo vyote vinamwaga barua za PT, yaani mafunzo kwa vitendo.